Picha Inayolipa Iko Mtaani Kwako

Leo nazungumza na wewe unayependa kupiga picha. Pengine umenunua kamera kwa kudunduliza, pengine unatumia simu tu. Watu wamekwisha kukusifia kwamba una jicho. Wanakuita kwenye shughuli zao, wanaomba uwatumie picha, wanaziweka kwenye WhatsApp zao. Na wewe sasa unajiuliza swali la haki kabisa: je, hiki ninachokipenda kinaweza kunilipia kodi ya chumba?

Kinaweza. Na ninachoamini nitakisema mapema. Fedha ya kwanza ya mpiga picha haiko mbugani, wala ufukweni, wala ng'ambo. Iko mtaani kwake, kwenye nyuso za watu wanaomfahamu kwa jina. Anayeikimbia fedha hiyo kwa kuiona ndogo hukaa miaka mingi akisifiwa bila kulipwa.

Fungua simu ya kijana yeyote anayependa picha. Utakuta machweo ya Coco Beach, ngalawa juu ya maji yaliyotulia, twiga aliyeonekana kando ya barabara basi lilipokuwa likipita Mikumi. Picha nzuri, sina neno nazo, na mtu hujifunza mengi kwa kuzipiga. Lakini hakuna jirani anayeamka asubuhi akiwa na shida ya machweo. Jirani anaamka akiwa na shida ya picha ndogo za mtoto anayeanza shule. Anaamka ana madera 20 ya kuuza, na picha alizopiga mwenyewe usiku chini ya taa ya sebuleni zimeyafanya ya bluu yaonekane meusi. Anaamka akikumbuka kwamba bibi yake ametimiza miaka 80 na ukoo mzima hauna picha yake moja ya maana. Hizo ndizo shida zenye mlipaji, na anayeweza kuzitatua ni yule anayeishi karibu.

Tuanze na kisa cha Bamako, mji mkuu wa Mali. Mwaka 1935 kijana mmoja aitwaye Seydou Keïta, aliyekuwa akijifunza useremala, aliletewa zawadi na mzee wa familia yake aliyerudi kutoka Senegal. Ilikuwa kamera ndogo, Kodak Brownie. Hakuna shule ya picha aliyopelekwa. Alianza na ndugu zake na majirani, akaendelea na useremala wake, na mwaka 1948 ndipo akafungua studio nyumbani kwake, si mbali na kituo cha reli. Pazia la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye mashada pembeni. Lilipochakaa akatundika kitambaa kingine, na baada ya miaka michache kingine tena, hata uzeeni akitazama picha aliweza kukadiria mwaka wake kwa kuangalia kitambaa. Pale studio aliweka vitu vya kuazima: suti, saa za mkononi, kalamu, redio, hata pikipiki ya Vespa. Mtu akija na kanzu yake au gauni lake la sikukuu, Keïta alimpanga, akamgeuza bega, akamwekea mkono mahali pake, kisha akapiga. Mara nyingi alipiga mara moja tu, maana filamu ilikuwa ghali.

Angalia hapo, msikilizaji. Yule bwana hakuuza mandhari. Aliwauzia watu wa Bamako sura zao wenyewe, zikiwa katika hali ambayo wangependa kukumbukwa nayo. Na watu walikuja kwa wingi, wengine wakishuka kwenye treni.

Huku kwetu hali ilikuwa hiyo hiyo. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Alipiga picha za Sultani na wakubwa wa serikali, lakini pia familia za kawaida zilizotaka kumbukumbu. Na Mombasa, miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni palikuwa na wapiga picha waliojenga vibanda na kuvipamba kwa picha za meli, ndege na miji ya mbali. Wateja wao wengi walikuwa vijana kutoka bara waliokuja kutafuta kazi pwani. Kijana alisimama mbele ya ndege iliyochorwa, akapigwa, akaituma picha nyumbani kwa wazazi. Vibanda vile viliharibiwa katika ghasia za Agosti 1997. Lakini wenye vibanda walikuwa wamekwisha kutufundisha kitu: walimjua mteja wao. Walijua anamtumia nani picha ile, na anataka huyo aliye nyumbani aone nini.

Sasa utaniambia, hayo yalikuwa ya zamani, leo kila mtu ana kamera mfukoni. Ni kweli, na simu imeua sehemu ya kazi hii. Wale waliokuwa wakizunguka na kamera kwenye viwanja vya sikukuu, wakupige leo na wakuletee picha wiki ijayo baada ya kusafisha mkanda, wamebaki wachache. Lakini simu hiyo hiyo imezaa kazi mpya. Mama anayeoka keki, kijana wa viatu vya mtumba, fundi wa makochi, wote sasa duka lao ni Instagram na WhatsApp, na duka la namna hiyo haliuzi bila picha. Anayeweza kumpigia dada wa vitenge picha 15 safi kila Jumatatu, rangi zikaonekana kama zilivyo, ana mteja wa kudumu. Na wala hahitaji vifaa vya mamilioni. Anahitaji dirisha kubwa, asubuhi, taa ya umeme ikiwa imezimwa ili isichanganye rangi, shuka jeupe lililonyooshwa kwa pasi, na karatasi nyeupe ya manila upande wa pili wa dirisha ili kurudisha mwanga kwenye kivuli. Kwa vitu hivyo hata simu ya kawaida hutoa picha inayouza.

Picha ndogo za fomu nazo zingali zinalipa. Kitambaa cheupe au cha bluu ukutani, kigoda, koti moja na tai moja ya kuazima, na printa ndogo. Ni kazi ya shilingi chache kwa kichwa, lakini inakufundisha jambo ambalo machweo hayakufundishi: kumweka mtu usiyemjua atulie ndani ya dakika mbili, macho yawe wazi, kidevu kisipande, kola ikae sawa. Ukiimudu hiyo, umeimudu nusu ya kazi ya harusi.

Kisha kuna shughuli zenyewe: harusi, sendofu, kipaimara, ubarikio, maulidi, mahafali. Na hapa nataka kusema na akina dada hasa. Katika miji ya pwani, na katika nyumba nyingi za Waislamu kwingineko, ziko sherehe za wanawake pekee, ambako bibi harusi amepambwa, amesukwa, amepakwa hina, na mwanamume haingii. Familia inataka picha, na inataka picha hizo zisionwe na kila mtu. Mpiga picha mwanamke mwenye ujuzi na mwenye mdomo mzito ndiye pekee anayeweza kuifanya kazi ile. Akiifanya vizuri mara moja, mashangazi watampeleka nyumba hadi nyumba. Sijui soko lingine la picha ambalo uaminifu unalipwa waziwazi namna hiyo.

Utasikia pia habari za kuuza picha kwenye maghala ya picha ya mtandaoni. Yapo, na yanalipa, lakini hesabu zake uzijue. Shutterstock, kwa mfano, tangu Juni 2020 humpa mpiga picha kati ya asilimia 15 na 40, kufuatana na idadi ya picha zake zilizopakuliwa mwaka huo, na kila Januari wote hurudishwa ngazi ya chini kuanza upya. Picha moja inaweza kukuingizia senti 10 za dola. Weka picha zako huko ukipenda, lakini usiache kazi ya mtaani ukisubiri hizo senti.

Msikilizaji, tuna msemo wetu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika picha, msemo huu umewaumiza wengi. Mtu anakaa akiamini kwamba picha zake zikiwa nzuri fedha itakuja yenyewe. Haiji. Mteja wa harusi hanunui uzuri peke yake. Siku ile haitarudiwa, na kwa hiyo ananunua uhakika. Anataka kujua kwamba utafika kabla bibi harusi hajatoka saluni. Anataka kujua kwamba betri ya pili iko mfukoni, kwamba mvua ikinyesha au umeme ukikatika ukumbini bado picha zitapatikana, na kwamba akiahidiwa picha baada ya wiki mbili atazipata baada ya wiki mbili. Anayepiga kwa kujifurahisha hupiga mwanga unapompendeza. Anayelipwa hupiga hata saa saba mchana, jua likiwa utosini, macho ya watu yakiwa mashimo meusi, na bado anajua la kufanya: awasogeze ukingoni mwa kivuli cha mwembe au chini ya baraza, wageukie kwenye uwazi, na nyuso zinafunguka.

Nikupe mfano mmoja zaidi wa ujuzi unaolipwa. Kamera ikipima mwanga yenyewe hudhani kwamba ulimwengu una wastani wa kijivu. Ukiielekeza kwenye gauni jeupe la bibi harusi lililojaa fremu nzima, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi harusi mweusi unazama gizani. Ukiielekeza kwenye suti nyeusi ya bwana harusi, inafanya kinyume chake: inaongeza, na uso unapauka. Mpenzi wa picha ambaye hajui hili atalaumu kamera na kutamani ya bei kubwa zaidi. Anayejua atapima kwenye uso, atarekebisha, na ataendelea na kazi kwa kamera aliyo nayo. Jifunze hili nyumbani, kwa shuka jeupe na ndugu yako mmoja mvumilivu, kabla hujapokea senti ya mtu.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu anaambiwa, "Nitakupa laki moja na nusu, uje Jumamosi." Anafurahi, anasema kamera ninayo, muda ninao, hiyo yote ni faida. Hebu tuchukue daftari na kalamu. Hizi ni tarakimu za mfano, weka za kwako.

Tuseme kamera yako uliinunua shilingi 1,500,000. Kamera nyingi za kuanzia, kwa mfano Nikon D3500, mtambo wake wa kufungua na kufunga umepimwa kuhimili mibofyo kama 100,000. Gawanya: kila unapobofya umetumia shilingi 15. Harusi moja, tangu saluni hadi keki, unaweza kubofya mara 1,500. Hiyo ni shilingi 22,500 iliyotoka kwenye kamera bila wewe kuiona. Msaidizi wa kushika taa, 40,000. Usafiri wa kwenda na kurudi usiku wa manane ukiwa na vifaa, maana hapo hupandi bodaboda, 30,000. Flashi diski na bahasha ya kukabidhia, 15,000. Umeme na bando la kutuma picha, 10,000. Jumla imefika 117,500. Kwenye ile laki moja na nusu umebakiwa na shilingi 32,500. Na kazi haikuwa ya siku moja. Ilikuwa ya Jumamosi nzima, kisha siku mbili za kuchagua na kuhariri. Siku tatu kwa 32,500 ni kama shilingi 11,000 kwa siku, na hapo lenzi, kompyuta na mgongo wako hatujavigusa.

Sisemi ukatae kila kazi ya laki na nusu. Ukiwa unajifunza unaweza kuikubali, mradi ujue umelipa kiasi gani kununua uzoefu ule. Ninachokikataa ni mtu kufanya kazi ya hasara miaka mitatu akidhani anajenga jina, na siku kamera inapokufa hana akiba ya kununua nyingine. Kila ukilipwa, toa kwanza sehemu ya kamera, iweke mbali. Hiyo si fedha yako, ni ya kamera ijayo.

Na ndugu je? Maana swali la kwanza la kila mpiga picha wa kwetu ni hilo. Binamu anaoa, shangazi anapiga simu: "Mwanangu, wewe si una kamera, utatupigia." Ukitaja bei unaonekana umekosa adabu, ukinyamaza umepoteza Jumamosi na msaidizi wako anakudai. Ushauri wangu ni huu, na naomba uuchukue kwa uzito. Nenda kwenye kamati ya harusi. Kamati ina daftari la michango, na kila mtu anaandikwa: fulani laki moja, fulani elfu hamsini. Mwambie mweka hazina akuandike: picha za harusi, zenye thamani ya shilingi 400,000, mchango wa fulani. Hapo umetoa mchango wa heshima kuliko wengi, hudaiwi kitu kingine, na ukoo mzima umesoma bei yako kwa maandishi. Mtu atakayetaka picha baada ya hapo atajua aanzie wapi. Undugu umebaki salama na kazi imepata thamani.

Kwa mteja asiye ndugu, andikianeni. Karatasi moja inatosha: tarehe, mahali, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya picha zitakazohaririwa, siku ya kukabidhi, bei, na nusu ya malipo kabla ya siku yenyewe. Na andikeni jambo moja ambalo wengi hulisahau: picha ni mali ya nani, na zitatumikaje. Sheria za nchi zetu zinatambua hakimiliki ya picha. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayosimamia. Lakini usidhani kwamba kila mahali aliyebofya ndiye mwenye mali. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mteja, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo mpiga picha wa Kisumu au Malindi anayetaka kubaki na haki ya kuzitumia picha zake lazima aseme hivyo kwenye mapatano. Mstari mmoja tu, lakini usipokuwepo umechelewa.

Kuna upande wa pili wa haki, nao ni wa yule aliyepigwa. Picha ya uso wa mtu ni taarifa yake binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mahali pamoja pa starehe pakatozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania nayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Lakini hata sheria isingekuwepo, hesabu ya kawaida ingetosha. Ukiweka mtandaoni picha ya bibi harusi ambaye familia yake haikutaka aonekane, unavuna sifa za siku moja na kupoteza mtaa mzima. Omba ruhusa. Ukikataliwa, heshimu. Mtu aliyekukatalia leo ukamheshimu, kesho ndiye atakayekutetea mbele za watu.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kuhifadhi. Mpiga picha ana mapato ya namna mbili. Yapo ya siku ile, unapiga, unakabidhi, unalipwa. Na yapo ya miaka. Haya ya pili huja kwa yule tu aliyetunza.

Rudi kwa Keïta. Mwaka 1962 serikali ya Mali ilimchukua awe mpiga picha wake, studio ikafungwa, akaja kustaafu. Lakini negativu zake alikuwa amezihifadhi kwa maelfu. Miaka ya mwanzo ya 1990 ulimwengu ukazigundua, mwaka 1994 zikaonyeshwa Paris, na picha alizopigia watu wa mtaa wake zikawa zinatafutwa na majumba ya makumbusho. Zile picha zilizolipwa mara moja, zikaanza kulipa tena. Pale Zanzibar nako, studio ya Oza iliendelea chini ya mwanawe Rohit, na wageni waliingia kununua nakala za picha za zamani za mji. Na Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 akakulia Dar es Salaam, aliyeanza na kamera ndogo ya mtumba akiwa mwanafunzi, alianzisha Camerapix mwaka 1963 hapo hapo Dar. Baadaye akaja kujulikana dunia nzima kwa picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Alifariki mwaka 1996 ndege iliyotekwa ilipoanguka huko Komoro, lakini hazina ya picha alizoacha bado ina kazi.

Wewe unayo miji inayobadilika mbele ya macho yako. Soko Kuu la Kariakoo, lile lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, Zanzibar, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Aliyekuwa na picha nzuri za majengo hayo, ndani na nje, na wachuuzi wake, na watu wakiwa barazani, ana kitu ambacho hakuna fedha inayoweza kukipiga tena. Na kila mtaa una majengo yake ya namna hiyo: sinema ya zamani, kituo cha daladala kitakachohamishwa, fundi saa wa mwisho kwenye barabara ile.

Lakini picha isiyo na maelezo ni picha nusu. Siku hiyo hiyo, kabla hujalala, andika: nani, wapi, lini, walikuwa wanafanya nini. Weka nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti nyumbani, na moja mahali pengine kabisa, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni, maana mwizi na moto havichagui. Na memori kadi ya harusi usiifute mpaka wenye harusi wamepokea picha zao na umehakikisha zinafunguka. Waambie nyumbani pia picha ziko wapi na ni za nani. Baada ya Keïta kufariki mwaka 2001 ulizuka mgogoro hadi mahakamani kuhusu negativu zake. Jasho la maisha lisigeuke ugomvi wa walio hai.

Kazi ikishakua, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, fuata leseni ya halmashauri, toa risiti. Shule, hospitali na mashirika hayawezi kumlipa mtu asiye na karatasi, na hao ndio wateja wanaoagiza kila mwaka.

Basi msikilizaji, nisikuache na maneno matupu. Kabla ya Jumapili hii ijayo, fanya mambo matatu. La kwanza, chagua mtu mmoja mtaani kwako anayeuza kitu kwa picha mbaya, umwendee kwa heshima, mkubaliane bei ndogo lakini ya kweli, uandike, umpigie, umkabidhi siku uliyoahidi. La pili, fungua daftari, na uandike kila shilingi iliyoingia na iliyotoka kwa ajili ya kamera. La tatu, mpige picha mzee mmoja wa familia yako, kwa mwanga wa dirisha, bila haraka, na nyuma ya picha uandike jina lake kamili na mahali alipozaliwa. Hiyo ya tatu haina malipo. Lakini itakufundisha uvumilivu wa kumtazama mtu hadi sura yake halisi ije, na uvumilivu huo ndio wateja wako watakaoulipia miaka yote ya kazi yako.

Nakutakia kazi njema, na mkono wa baraka.